Hewa inayokataa kutoka: kuishi na maradhi sugu ya mapafu Unguja na Pemba

Mtu akionekana na pampu mkononi, barazani hukumu imeshatoka: pumu imemfikisha pabaya, na pampu ndiyo dawa ya mwisho. Anayekohoa mwezi wa pili sasa naye ana hukumu yake, kifua kikuu, na watoto wanakatazwa kunywea kikombe chake. Bibi anayetweta kwenye ngazi za nyumba ya Mji Mkongwe anaambiwa ni uzee. Na tangu 2020 ipo hukumu ya nne, kwamba korona haijamtoka. Yoyote kati ya hizo inaweza kuwa kweli kwa mtu mmoja na isiwe kweli kwa jirani yake. Ubaya ni kwamba dawa huazimana: vidonge vya huyu humezwa na yule, maana wote kifua kinawasumbua.

Maradhi sugu yanayochanganywa zaidi ni matatu, na inafaa kuyatenganisha kabla ya kuzungumzia dawa.

Pumu ni njia za hewa zenye hasira ya haraka. Utando wake wa ndani umevimba kidogo kila siku, hata siku ambayo mwenyewe anajiona mzima, na ukiguswa na vumbi, moshi, mafua au baridi ya alfajiri, misuli inayozizunguka njia hizo inakaza. Kifua kinabana na kulia mluzi, kisha kwa dawa au kwa muda kinafunguka. Alama yake kubwa ni huko kuja na kuondoka, na kupenda kwake kuwaamsha watu usiku.

Ya pili ni kuziba kwa njia za hewa kusikofunguka kikamilifu. Kwenye karatasi ya hospitali huandikwa kwa herufi nne, COPD. Miaka ya moshi, wa sigara au wa kuni, imezifanya njia kuwa nyembamba na zenye makohozi mazito, na vifuko vidogo vya hewa vilivyo mwisho wa njia hizo vimelegea na kuharibika. Kwa kawaida huonekana mtu akishapita miaka 40. Mwenye nayo hana wiki ya kuwa mzima kabisa. Ana siku nafuu na siku nzito, na kwa miaka mingi hupunguza mwendo wake bila kujua kwamba anaupunguza. Kwanza anaacha kwenda shamba kwa miguu, kisha anaacha kwenda sokoni, halafu anaacha hata msikiti wa karibu, na kila mara anayo sababu nyengine.

Ya tatu ni kovu. Mtu alimeza dawa za kifua kikuu miezi 6, akapimwa, akaambiwa amepona, na kweli amepona. Lakini baadhi ya njia za hewa zimebaki zimetanuka na kupoteza nguvu ya kusukuma makohozi juu, kwa hiyo makohozi yanatuama, yanaoza, na kila baada ya muda yanaleta homa na kikohozi kizito. Picha ya kifua itaonyesha kovu hilo maisha yake yote, na si dalili peke yake kwamba maradhi yamerudi. Ikiwa kikohozi kimezidi au mtu anakonda, apimwe makohozi upya, asihukumiwe kwa picha ya zamani.

Katika matatu hayo hakuna la kuambukiza. Kinachoambukiza ni kifua kikuu ambacho hakijatibiwa, nacho hupita kwa hewa ya chumba kisicho na upepo. Hakipiti kwa kikombe wala kwa sahani. Yeyote anayekohoa wiki 2 au zaidi apimwe makohozi kwanza. Kipimo na dawa zake ni bure katika vituo vya serikali, na kufungua dirisha kunawalinda watoto kuliko kutenga vyombo.

Sasa tuje kwenye kitu ambacho kikieleweka, mengi ya kila siku yanakuwa mepesi. Mgonjwa aliyebanwa huhisi hewa haiingii, naye hujitahidi kuvuta, na kuvuta tena. Lakini katika pumu na COPD shida kubwa ni kutoa. Fikiria daladala iliyofika kituoni imejaa: walio chini hawawezi kupanda hata wakisukumana vipi, kwa sababu walio ndani hawajateremka. Njia iliyobana hupitisha hewa ikiingia, kwa vile kifua kinapotanuka nayo hutanuka kidogo. Wakati wa kutoa inajifunga, na hewa chafu inabaki ndani. Pumzi inayofuata haina pa kukaa. Anayehema harakaharaka anazidi kuijaza. Ndiyo maana dawa za kwanza ni za kufungua njia, na mazoezi ya kupumua yote yanahusu kutoa taratibu.

Ili kujua mtu ana lipi, kipimo chenyewe ni kupuliza. Unavuta pumzi hadi mwisho, unafunga midomo kwenye bomba la mashine, unapuliza kwa nguvu zako zote na kuendelea mpaka hakuna kilichobaki, kwa kawaida sekunde 6 au zaidi. Mashine inaangalia ni sehemu gani ya hewa yote imetoka katika sekunde ya kwanza. Ikiwa ni chini ya asilimia 70 hata baada ya kupewa dawa ya kufungua, njia zimeziba kwa namna ya COPD. Ikiwa dawa imebadilisha matokeo kwa kiasi kikubwa, daktari anaegemea pumu. Si kila kituo cha afya kina mashine hii, kwa hiyo ulizia rufaa ya hospitali kubwa, Mnazi Mmoja kwa Unguja au Abdalla Mzee ya Mkoani kwa Pemba. Picha ya kifua haiwezi kufanya kazi hiyo, na mtu aliyepigwa picha tatu bila kupuliza hata mara moja bado hajapimwa pumzi.

Dawa za kufungua na dawa za kuzuia

Mkanganyiko mkubwa kuliko wote umo humu. Pampu ya salbutamol, ambayo mara nyingi ni ya rangi ya buluu, hulegeza misuli iliyokaza. Inafanya kazi ndani ya dakika chache na nguvu yake hudumu saa 4 hadi 6. Haigusi uvimbe. Pampu ya beclometasone, au ndugu zake, ndiyo ya kuzuia: hupunguza uvimbe. Haimpi mtu nafuu yoyote siku anayoivuta, nguvu yake huonekana baada ya siku na wiki za kuitumia bila kuruka. Kwa kuwa ya kwanza inahisika na ya pili haihisiki, watu huipenda ya kwanza na kuiacha ya pili kwenye kabati. Kwa mwenye pumu hilo ni kosa la hatari. Tangu 2019 miongozo ya kimataifa ya pumu haitaki tena mtu mzima atibiwe kwa salbutamol peke yake, kwa sababu uvimbe unaendelea chini kwa chini huku mwenyewe anajiona ametibiwa.

Kwa COPD mpango ni mwengine. Msingi wake ni dawa za kufungua zinazodumu saa 12 au 24, na ile ya kupunguza uvimbe huongezwa kwa baadhi tu, khasa wanaozidiwa mara kwa mara. Basi pampu ya kaka mwenye pumu si ya kumpa baba mwenye COPD, ingawa rangi ni ile ile.

Barazani husemwa pia kwamba pampu ni dawa kali inayozoesha. Hebu tupige hesabu. Kibonyezo kimoja cha salbutamol ni mikrogramu 100. Viwili, ambavyo ndiyo kipimo cha kawaida, ni 200. Kidonge kimoja cha salbutamol cha miligramu 4 ni mikrogramu 4,000, yaani mara 20 ya hiyo. Kidonge hicho hupita tumboni, kinaingia kwenye damu, kinafika mikononi na moyoni, ndipo mikono inatetemeka na moyo unakwenda mbio, na mapafuni hufika kilichosalia, tena kwa kuchelewa. Prednisolone, dawa ya vidonge ya kupunguza uvimbe, nayo hivyo hivyo: kidonge cha miligramu 5 ni mikrogramu 5,000, sawa na vibonyezo 50 vya pampu ya beclometasone ya 100. Prednisolone ina kazi yake, kwa siku chache mtu akizidiwa, kwa amri ya daktari. Kuimeza kidogo kidogo mwaka mzima kwa kununua dukani ndiko kunakoleta sukari, uso kujaa na mifupa kuwa dhaifu. Watu wanaikimbia dawa ndogo wanakimbilia kubwa, na pesa zaidi zinatoka.

Kuvuta pampu vizuri

Dawa nyingi hupotea kooni. Koo likiwa chungu na ladha ya dawa imejaa ulimini, ujue sehemu kubwa imeishia hapo. Utaratibu wa pampu ya kubonyeza ni huu. Toa kifuniko na utazame ndani ya mdomo wake. Sarafu ndogo, uchafu wa mfukoni na wadudu huingia humo. Itikise. Kama ni mpya au imekaa siku 5 bila kutumika, bonyeza mara 2 hewani kwanza, au kama karatasi yake inavyoeleza. Kaa wima, toa pumzi yote taratibu, mbali na pampu. Fungia midomo kwenye pampu, ulimi ukiwa chini. Anza kuvuta polepole kwa mdomo, bonyeza mara moja pale unapoanza, endelea kuvuta kwa sekunde 3 hadi 5. Ondoa pampu, funga mdomo, zuia pumzi mpaka uhesabu 10 ukiweza. Ngoja nusu dakika hadi dakika moja, itikise tena, ndipo uvute cha pili. Ikiwa ni ya kupunguza uvimbe, sukutua na uteme. Usiposukutua, baada ya wiki chache ukungu mweupe unaota ulimini na sauti inakauka.

Makosa ni yale yale kila pahala. Wapo wanaobonyeza kwanza kisha ndipo wanaanza kuvuta. Wengine huvuta kwa kasi kama wanaokimbizwa, na dawa inagonga nyuma ya koo. Wapo pia wanaobonyeza mara mbili kwa pumzi moja. Na lipo la kuvuta kwa pua, ambalo mgonjwa mwenyewe hajui kwamba analifanya mpaka amtazame mwengine au asimamishwe mbele ya kioo.

Tiba ya makosa hayo yote ni chombo cha kati, spesa, kinachopokea wingu la dawa ili mtu alivute kwa nafasi yake. Za dukani zina bei. Lakini chupa ya plastiki ya maji ya nusu lita inafaa: watafiti wa Cape Town walichapisha mwaka 1999 matokeo yanayoonyesha kwamba kwa watoto wenye pumu iliyowabana, chupa ya ukubwa huo ilifanya kazi sawa na spesa ya kiwandani. Chagua chupa safi na kavu. Upande wa kitako, chora umbo la mdomo wa pampu yako, ambao ni wa mviringo uliobanwa, kisha kata ndani kidogo ya mstari ili tundu libane. Ukikata tundu kubwa, dawa inavuja pembeni na kazi yote imepotea. Zungushia gundi au utepe wa plasta mpaka pasipite hewa. Mgonjwa huweka midomo kwenye shingo ya chupa. Bonyeza mara moja, kisha avute taratibu na kutoa ndani ya chupa mara 5 au 6. Ndipo kibonyezo cha pili.

Plastiki mpya ina umeme mdogo unaovutia dawa ikagandamana ukutani. Ioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, usiisuuze kwa maji mengi, usiifute kwa kitambaa. Iache ijikaushe yenyewe juu ya kichanja, kivulini. Rudia mara moja kwa wiki, na chupa ikichoka, kata nyengine.

Pampu yenyewe nayo hutaka kuoshwa. Toa mtungi wa chuma, usiuloweshe, kisha pitisha maji ya vuguvugu kwenye plastiki kwa nusu dakika, ukung'ute, uache ukauke usiku kucha. Kitundu kikiziba kwa unga mweupe, mtu hubonyeza na husikia sauti, lakini kinachotoka ni kidogo.

Halafu suala la kujua imekwisha lini. Kuielesha kwenye bakuli la maji si kipimo, na huingiza maji kwenye kitundu. Kuitikisa nako hakusaidii, kwa sababu gesi ya kusukuma hubaki baada ya dawa kwisha, na mtu anavuta gesi tupu akidhani amepata. Pampu nyingi zina vibonyezo 200. Anayevuta 2 asubuhi na 2 usiku anatumia 4 kwa siku, basi inamtosha siku 50: iliyoanzwa tarehe 1 Januari inakwisha tarehe 19 Februari. Andika tarehe kwa kalamu ya maka kwenye plastiki siku unayoifungua. Ya buluu haina ratiba, lakini ikiwa unamaliza moja kwa mwezi, hilo ni la kumweleza daktari upesi.

Zile pampu za unga ni kinyume: hazitikiswi, huvutwa kwa nguvu na haraka, na hazipatani na unyevu. Wakati wa masika unga wake hugandamana ukipulizia ndani au ukiiacha wazi bafuni. Na ya mtungi isiachwe kwenye kioo cha gari wala juani ndani ya ngalawa. Joto likizidi nyuzi 30 dawa inaharibika, na likizidi sana mtungi unaweza kupasuka.

Asubuhi mpaka usiku

Mwenye makohozi mengi afanye kazi yake ya kuyatoa mapema, kwa mpangilio wenye sababu. Aanze na pampu ya kufungua. Angoje dakika 10 au 15, anywe maji au chai ya tangawizi kama anaipenda, kisha akae wima na apumue kwa utulivu nusu dakika. Avute pumzi ndefu 3 au 4, kila moja aizuie sekunde 2 au 3 ili hewa ipite nyuma ya makohozi. Kisha afungue mdomo na koo, atoe hewa kwa msukumo wa tumbo akisema "haa" bila sauti, mara 1 au 2. Apumzike, arudie. Dakika 10 hadi 15 zinatosha. Kukohoa kwa nguvu mfululizo huzifunga njia na kumchosha; huo msukumo wa "haa" hupandisha makohozi bila kuzifunga. Pampu ya kupunguza uvimbe ije mwisho, njia zikiwa safi. Makohozi yatemwe kwenye kikopo chenye kifuniko, yatazamwe, kisha yamwagwe chooni. Rangi ya kawaida ya mtu mwenyewe ndiyo ya kuijua, maana kubadilika kwake ndiko kunakotoa habari. Yakija na damu, twende hospitali.

Pumzi ya midomo iliyokazwa ni ya kujifunza siku ya nafuu ili iwe tayari siku ya shida. Vuta kwa pua ukihesabu 2. Toa kwa midomo iliyokazwa kama ya kupiga mbinja, ukihesabu 4. Usisukume kwa nguvu. Presha inayobaki mdomoni huzishikilia njia wazi mpaka hewa iteremke. Kwenye ngazi toa pumzi wakati wa kupanda, vuta ukisimama. Ndoo ya maji hivyo hivyo: vuta, kisha inua huku unatoa. Kuoga ukiwa umekaa juu ya kibao, na kujifunika taulo kubwa au kanga mbili badala ya kujifuta kila pahala, kunaokoa pumzi za kuvaa nguo. Kuinama kwa kusujudu humbana wengi kwa sababu tumbo linasukuma mapafu juu; kuswali juu ya kiti ni ruhusa inayojulikana, na misikiti mingi sasa inavyo viti.

Kutembea ndiyo dawa inayodharauliwa. Misuli ya miguu isiyofanya kazi hutaka hewa nyingi zaidi kwa kazi ndogo, kwa hiyo anayekaa kitini kwa kuogopa kutweta anajiongezea kutweta. Anza na dakika 5 pahala pa bapa, kabla ya jua kali, uongeze dakika moja moja mpaka 20 au 30, siku 5 kwa wiki. Kasi sahihi ni ile ambayo unaweza kusema sentensi fupi lakini huwezi kuimba. Kutweta kwa namna hiyo hakudhuru mapafu.

Kwenye chakula kuna jambo moja tu la maana: tumbo lililojaa hulinyima pafu nafasi. Kula kidogo mara 5 kuliko mara 2 mpaka kukatika pumzi. Anayekonda aongeze samaki, dagaa, mayai, choroko. Maziwa hayazalishi makohozi. Yanayafanya mate yaonekane mazito kwa muda mfupi tu.

Na moshi. Sigara na shisha hazina mjadala. Kilichoharibika hakirudi, lakini kasi ya kuharibika hupungua mtu akiacha, hata akiacha na miaka 60. Mafiga matatu ndani ya banda lililozibwa kwa makuti ni habari nyengine, kwa sababu anayepika hakuchagua. Gesi ikipatikana, anayeumwa ndiye awe wa kwanza kuitumia. Isipopatikana, kuni kavu hutoa moshi mdogo kuliko mbichi, jiko lisogezwe upande ambao upepo unaelekea, ili moshi utoke nje, na upepo wetu hubadilika: sehemu iliyofaa wakati wa kusi haifai wakati wa kaskazi. Makaa yanadanganya. Hayatoi moshi wa kuonekana, lakini hutoa gesi isiyo na harufu inayoweza kuua katika chumba kilichofungwa. Wachemshaji dagaa na waokaji mbata hukaa ndani ya moshi saa nyingi kuliko mpishi yeyote wa nyumbani, na kitambaa cha mdomoni hakizuii chembe ndogo zinazofika ndani kabisa ya mapafu.

Udi na ubani ni pagumu, maana hakuna anayetaka nyumba isiyonukia siku ya Ijumaa. Ila moshi wa chetezo ni moshi. Nguo zifukizwe nje au katika chumba ambacho mgonjwa halali, zikae saa kadhaa. Kikuba cha asumini kinanukia bila moshi, ingawa baadhi ya wenye pumu hubanwa hata na harufu kali. Dawa ya mbu ya kuchoma isiwashwe chumbani kwake, chandarua kinatosha. Msimu wa karafuu Pemba, vumbi ni jingi wakati wa kuzianua na kuzipakia magunia kuliko wakati wa kuchambua makonyo zikiwa mbichi, basi mwenye kifua achukue kazi ya kuchambua. Mafuta ya karafuu yakipakwa kifuani huwasha na kuleta hisia ya kufunguka, lakini hayafungui njia ya hewa, na mtoto asipewe kunywa hata kidogo: yanadhuru ini. Kujifukizia majani kwenye sufuria ya maji moto kumeunguza watu wengi kuliko kulivyowaponya.

Mwezi wa Ramadhani, pampu ya kuzuia ya mara mbili kwa siku huhamia wakati wa futari na wakati wa daku bila tabu. Juu ya ile ya buluu mchana, wanazuoni wana kauli tafauti kama inafunguza au la, na hilo ni la kumuuliza shekhe wako kabla ya mwezi kuandama. Lisilo na khitilafu ni kwamba mgonjwa ameruhusiwa kula na kulipa siku nyengine. Kungoja magharibi huku kifua kimebana hakuna aliyekuamrisha.

Siku inapoharibika

Mwenye COPD atazame mambo matatu: kutweta kumezidi kawaida yake, makohozi yamezidi, au rangi imegeuka kuwa ya manjano au kijani. Mawili yakikutana, aende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Si kila kikohozi kinataka antibayotiki, na anayezinunua kila mwezi atazikuta hazifanyi kazi siku anayozihitaji.

Kipimo cha oksijeni cha kidoleni kinasaidia kikitumiwa vizuri. Kaa dakika 5, mkono uwe na joto, ngoja namba itulie. Piko nyeusi na rangi ya kucha hupotosha namba, basi baada ya harusi tafuta kidole ambacho hakikupakwa. Kwenye ngozi nyeusi kipimo hiki huelekea kuonyesha juu kidogo kuliko ukweli, kwa hiyo 92 inayoonekana nzuri isiwe sababu ya kupuuza mtu anayetweta. Na oksijeni si soda ya kumpa kila aliyechoka: baadhi ya wenye COPD hulengwa wakae kati ya 88 na 92, na kuwapa nyingi kunaweza kuwalaza usingizi mbaya. Nyumbani hupewa wale ambao damu yao imeshuka hata wakiwa wamekaa kimya, angalau saa 15 kwa siku, mbali kabisa na jiko, sigara na chetezo.

Aliyebanwa ghafla akalishwe akiinama mbele kidogo, mikono juu ya magoti au juu ya meza, nguo za kifuani zilegezwe, watu wapungue chumbani. Asilazwe. Pampu ya buluu kwa chupa, kibonyezo kimoja kimoja, kuanzia 4 mpaka 10, na kurudiwa kila dakika 20 ndani ya saa ya kwanza. Hiyo ni ya kufanya huku gari linatafutwa, wala si badala ya gari. Asiyeweza kumaliza sentensi, aliyebadilika rangi midomo, aliyechanganyikiwa au kuanza kusinzia hangoji dakika 20. Kifua cha pumu kilichokuwa kinalia mluzi kikanyamaza ghafla huku mtu bado anahangaika, huko si kupona. Hewa haipiti tena kiasi cha kutoa sauti.

Anayevuka kwa boti kati ya Pemba na Unguja pampu iwe mfukoni au kwenye mkoba wa mkononi, isitiwe kwenye mzigo unaopelekwa chini. Pamoja nayo iwepo karatasi moja yenye jina la maradhi aliloandika daktari, dawa na kipimo chake, na namba ya oksijeni ya siku ya kawaida. Mkifika hospitali, mwambieni daktari vibonyezo vingapi vimeshatumika na saa ngapi, na vidonge vyovyote vya salbutamol au aminofilini (dawa nyengine ya kufungua kifua) vilivyomezwa tangu asubuhi, kwa sababu kuongezewa aminofilini juu ya ile iliyomo mwilini kunaweza kuvuruga mapigo ya moyo.